Stenti ya figo inayoyeyuka yenyewe: faida yake kwa anayeishi mbali na hospitali

Chukua mfano wa kijana wa Mumias, Kaunti ya Kakamega, anayefanya kazi ya kupakua mizigo Mombasa. Mumias na Pwani zimejuana tangu karne ya 19, wakati misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilipokuwa ikituliza mizigo kwa Nabongo Mumia, na mpaka leo zipo familia zenye jamaa pande zote mbili. Usiku mmoja kijana huyo anashikwa na maumivu ya ubavu yasiyompa nafasi ya kukaa wala kulala. Hospitalini, picha inaonyesha jiwe limekwama kwenye mrija unaotoka figo kwenda kibofu. Daktari analivunja jiwe, kisha anamwachia ndani ya mwili kimrija chembamba cha plastiki kiitwacho stenti. Anaambiwa arudi baada ya wiki 4 kitolewe.

Wiki ya tatu anapigiwa simu kwamba kuna msiba nyumbani. Anapanda basi, safari ya zaidi ya kilomita 800. Matanga yanakwisha, kazi ya kukata miwa inaanza, maumivu yamepungua, na pesa ya nauli imeshatumika. Kadi ya hospitali imebaki chumbani Changamwe. Mwaka unapita. Siku anayorudi kwa daktari ana homa, anatetemeka na anakojoa damu. Picha inaonyesha kile kimrija kimevikwa gamba jeupe, kama birika lililochemshiwa maji ya kisima cha chumvi miaka nenda miaka rudi. Hakivutiki tena. Figo lenyewe limeanza kufa.

Kijana huyu ni wa kutunga, lakini madaktari wa njia ya mkojo wanamjua vyema, na hali yake wameipa jina: stenti iliyosahaulika. Ni kwa ajili ya watu kama yeye kwamba watafiti wa nchi mbalimbali wamekuwa wakitafuta, kwa zaidi ya miaka 20, stenti ambayo ikimaliza kazi yake inayeyuka na kutoka na mkojo. Makala haya yanaeleza stenti ni nini, kwa nini inaleta taabu, utafiti umefika wapi, na mgonjwa wa leo afanye nini wakati dawa ya tatizo hili bado iko maabara.

Kazi ya stenti

Kila figo lina mrija wake wa kupeleka mkojo kwenye kibofu. Mrija huo una urefu wa sentimita 25 hadi 30 na upana wa milimita 3 au 4 tu. Mkojo hauteremki wenyewe kama maji ya bomba. Kuta za mrija hubana na kuachia kwa zamu, zikiusukuma kidogo kidogo mpaka chini. Mrija ukizibwa na jiwe, ukibanwa na uvimbe, au ukivimba baada ya upasuaji, mkojo hurudi nyuma na kulijaza figo. Hali hiyo ikiendelea kwa wiki kadhaa figo huharibika, na pakiingia bakteria mtu anaweza kufa ndani ya siku chache.

Stenti huwekwa ili njia isifungike. Ni kimrija cha silikoni au cha plastiki nyingine laini, chenye unene wa milimita 2 hivi na vitundu ubavuni. Ncha zake zote mbili zimejikunja kama herufi J, moja hukaa ndani ya figo na nyingine ndani ya kibofu, kisiteleze juu wala chini. Mwaka 1967 Zimskind na wenzake, wa Marekani, walieleza namna ya kupitisha mrija wa silikoni kwa kutumia kamera ya kibofu bila kumpasua mgonjwa. Mwaka 1978 Roy Finney, Mmarekani mwingine, akachapisha ripoti ya stenti yenye J mbili, na umbo hilo ndilo linalotumika mpaka sasa.

Usiichanganye na mpira wa mkojo, ule unaoning'inia nje na mfuko wake. Mpira wa mkojo mgonjwa anauona na unamsumbua kila anapotembea, hawezi kuusahau. Stenti iko yote ndani. Maumivu yakitulia, hakuna kitu cha kumkumbusha kwamba ipo, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Taabu inazoleta

Taabu ya kwanza huanza siku ya pili. Ncha ya chini hukikwaruza kibofu, mgonjwa akahisi haja ya mkojo kila dakika chache, akaona damu kidogo na akasikia maumivu. Akikojoa, mkojo mwingine hupanda kupitia stenti mpaka kwenye figo, na ubavu ukauma wakati uleule wa kukojoa. Mwaka 2003 Joshi na wenzake huko Uingereza walichapisha matokeo ya dodoso maalumu walilowapa wagonjwa wenye stenti. Karibu 8 katika kila 10 walikuwa na dalili zilizowaharibia shughuli zao za kila siku.

Taabu ya pili ni bakteria. Muda mfupi baada ya kuingia mwilini, plastiki hupata utando mwembamba wa protini na chembechembe za mkojo. Bakteria hujishika hapo, huzaana, na kujifunika kwa ute wao wenyewe. Wakishajenga ngome hiyo, vidonge vya antibiotiki huwafikia kwa shida. Ndiyo sababu mtu hutibiwa homa ikaondoka, kisha ikarudi wiki mbili baadaye.

Taabu ya tatu ni gamba. Mkojo una chumvi na madini mengi, na plastiki huyapa mahali pa kugandia. Wapo bakteria, hasa wale waitwao Proteus, ambao huvunja urea na kuufanya mkojo upoteze uchachu wake. Hapo madini huganda upesi zaidi. Mwaka 1991 madaktari wa Riyadh, Saudia, walichapisha uchunguzi wa stenti walizowatoa wagonjwa wa mawe. Zilizotolewa kabla ya wiki 6, asilimia 9.2 zilikuwa na gamba. Zilizokaa wiki 6 hadi 12, asilimia 47.5. Zilizopita wiki 12, asilimia 76.3.

Tarakimu hizo tatu zinastahili kusomwa polepole. Kati ya mwezi wa kwanza na wa nne, stenti ileile iliyookoa figo inageuka kuwa jiwe jipya. Kuitoa ikiwa safi ni kazi ya dakika chache: kamera nyembamba hupitishwa njia ya mkojo, stenti ikakamatwa na kuvutwa, mara nyingi kwa dawa ya ganzi tu. Kuitoa ikiwa na gamba kunaweza kuhitaji upasuaji mara mbili au tatu, na wakati mwingine figo lenyewe huondolewa.

Kuipaka dawa

Njia ya kwanza waliyoifikiria watafiti ni kuipaka stenti kitu cha kuwazuia bakteria na madini wasishike. Wapo waliotumia heparini, dawa inayojulikana kwa kuzuia damu isigande, kwa kuwa uso wake hauyapendi madini. Wapo waliotumia utando unaonyonya maji ukawa utelezi, na wapo waliotumia fedha, ile madini, kwa kuwa huua vijidudu. Wengine waliiingiza triklosani, dawa iliyokuwa ikitiwa kwenye sabuni na dawa za meno. Stenti ya triklosani ilijaribiwa kwa wagonjwa nchini Kanada. Iliwapunguzia baadhi yao haja ya antibiotiki, lakini bakteria na gamba viliendelea kuonekana juu yake.

Ugumu uko hapa. Mpako wowote hatimaye hufunikwa na ule utando wa mkojo, na dawa iliyomo ndani yake huisha. Stenti yenye mpako mzuri hununua muda, lakini bado lazima itolewe. Kijana wetu wa Mumias angepata miezi kadhaa ya nyongeza, si mwaka.

Kuiyeyusha

Wazo la kitu kinachoyeyuka mwilini si geni kwetu. Kina mama wengi waliojifungua kwa upasuaji wameambiwa kwamba nyuzi za ndani hazitolewi, zitayeyuka zenyewe. Nyuzi za aina hiyo zilianza kuuzwa mapema miaka ya 1970. Hutengenezwa kwa minyororo mirefu ya asidi ya glikoli, au ya asidi hiyo pamoja na asidi ya laktiki, ile inayoyachachusha maziwa mpaka yakawa mtindi. Maji ya mwili huikata minyororo hiyo kidogo kidogo, na vipande vinavyobaki mwili unajua namna ya kuvitumia au kuvitoa.

Muda wa kuyeyuka hupangwa kwa kuchanganya. Mnyororo wa laktiki mtupu hukaa muda mrefu, hata zaidi ya mwaka. Ule wa glikoli huondoka ndani ya wiki au miezi michache. Ukichanganya viwili kwa kipimo, unapata muda unaoutaka. Nchini Ufini, kundi la Martti Talja lilianza kuzijaribu stenti za namna hiyo miaka ya 1990.

Kumbe njia ya mkojo ina masharti magumu kuliko kidonda kilichoshonwa. Uzi ukikatika vipande, vinabaki palepale kwenye nyama. Stenti ikikatika vipande, kipande kimoja kinaweza kuziba mrija uleule uliokusudiwa kufunguliwa. Mwaka 2003 Lingeman na wenzake, Marekani, walichapisha matokeo ya stenti ya muda iliyotengenezwa kwa alginati. Wagonjwa 87 waliijaribu. Kwa wengi ilifanya kazi na kutoka yenyewe, lakini watatu walibaki na vipande hata baada ya miezi 3, ikabidi vivunjwe na kutolewa na madaktari. Kifaa kilichokusudiwa kumwondolea mgonjwa safari ya pili kiliwaongezea hao watatu matibabu. Stenti hiyo haikufika kwenye matumizi ya kawaida ya hospitali.

Kosa hilo lilifundisha. Huko Vancouver, Kanada, Ben Chew na Dirk Lange waliijaribu kwa nguruwe stenti iitwayo Uriprene, iliyopangwa ianze kuyeyuka upande wa kibofu na kupanda kuelekea figo. Kwa mpango huo kinachotangulia kulainika ni kile kilicho karibu na njia ya kutokea, na cha juu hakikuti kizuizi mbele yake. Nguruwe walichaguliwa kwa sababu mrija wao wa mkojo unafanana na wa binadamu. Stenti za awali zilichukua wiki 7 hadi 10 kuondoka, na za kizazi cha tatu zikaondoka ndani ya wiki 4 hivi. Ureno nako, Alexandre Barros na wenzake walitengeneza nyingine kwa jelatini na alginati, na kwa nguruwe iliondoka katika siku 10 hivi.

Sasa watafiti wanajaribu kuunganisha njia zote mbili: mwili wa stenti uyeyuke, na dawa iwe imechanganywa humo au kupakwa juu yake. Faida yake inaeleweka. Uso unaomomonyoka polepole hauwapi bakteria mahali pa kudumu, maana ukuta waliojishikiza unaondoka nao, na dawa mpya hufunguka kila tabaka linapotoka. Tatizo ni kwamba mambo haya yote yanaendeshwa na saa moja. Ikiyeyuka upesi mno, figo linaziba kabla kidonda hakijapona. Ikichelewa, gamba linaiwahi. Na mkojo wa watu haufanani: uchachu wake hubadilika kwa chakula, kwa maji unayokunywa na kwa maambukizi, na kila badiliko linaweza kuharakisha au kuchelewesha saa hiyo.

Miwa ya Kakamega na mwani wa Pwani

Hizo malighafi hazitoki mbali kama tunavyodhani. Asidi ya laktiki ya viwandani hupatikana kwa kuchachusha sukari, na moja ya sukari zinazotumika ni ya miwa. Kiwanda kikubwa cha plastiki ya laktiki kilichoko Rayong, Thailand, hutumia miwa. Kakamega ni kaunti ya miwa. Kiwanda cha Mumias, kilichoanza kusaga mwaka 1973, kilikuwa tegemeo la maelfu ya wakulima kabla ya madeni kukiangusha na kukabidhiwa mrasimu mwaka 2019. Alginati nayo hutoka kwenye mwani. Mwani unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni, Kwale, na wa Zanzibar ni wa jamii nyekundu na hutoa kitu kingine. Alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia. Lakini zote ni mali za bahari zinazohitaji ujuzi ili zipate thamani.

Sisemi kwamba kesho Mumias itatoa stenti. Kati ya molasi na kifaa kinachoingia kwenye figo la mtu kuna usafishaji wa hali ya juu, majaribio ya wanyama, majaribio ya wagonjwa kwa ridhaa yao, na kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu. Hiyo ni kazi ya miaka. Lakini Kakamega ina Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na ina hospitali ya rufaa ya kaunti. Swali la stenti ikae siku ngapi kabla ya kuyeyuka linahitaji kujibiwa kwa mkojo wa watu wa huku, kwa joto letu na maji tunayokunywa. Jibu la Vancouver halitoshi.

Pwani tuna sababu yetu ya kulifuatilia jambo hili. Kichocho tunachokijua sisi, cha Kwale, Kilifi, Tana River, Unguja na Pemba, ni kile kinachokaa kwenye mishipa ya kibofu. Mayai yake huacha makovu kwenye kibofu na kwenye mirija ya figo, na mrija wenye kovu husinyaa mpaka ukaziba. Kichocho cha upande wa Ziwa Viktoria kwa kawaida ni cha matumbo. Kwa hiyo mtoto wa Pwani anayekojoa damu leo na asitibiwe kwa prazikwanteli anaweza kuwa mgonjwa wa stenti akiwa mtu mzima. Wengine huhitaji stenti kwa sababu ya saratani ya shingo ya kizazi inayobana mirija, au kwa sababu mrija ulijeruhiwa katika upasuaji wa uzazi.

Stenti inayoyeyuka haitawafaa wote. Mwenye saratani anahitaji njia iliyo wazi kwa miezi au miaka, na kwake kitu cha kutoweka baada ya mwezi ni hasara. Itamfaa zaidi aliyevunjwa jiwe au aliyeshonwa mrija, anayehitaji msaada wa wiki mbili hadi sita, kisha basi. Na miongoni mwa hao, atakayefaidika kuliko wote ni anayeishi mbali. Kwa mtu wa Nairobi mwenye daktari karibu, stenti ya kuyeyuka ni raha. Kwa mtu wa Mumias, Lamu au Faza, inaweza kuwa ndiyo inayoamua kama figo litapona au litakufa. Madaktari wa njia ya mkojo ni wachache nchini na wengi wao wako miji mikubwa, kwa hiyo safari ya pili ndiyo inayomshinda maskini.

La kufanya sasa

Wakati utafiti unaendelea, stenti tulizo nazo ni za kutolewa. Ukimpeleka mzazi au ndugu yako kupasuliwa mawe, usiondoke hospitalini kabla ya kujua mambo haya.

Uliza waziwazi: je, nimewekewa stenti? Wapo wanaotoka bila kujua. Ikiwa ndiyo, iko upande gani, na tarehe gani itolewe? Iandike tarehe hiyo mahali pawili, kwenye simu yako na kwenye simu ya mtu wa nyumbani. Mama, mke au kaka anayejua tarehe ni kinga bora kuliko kadi iliyobaki chumbani.

Uliza kama kuitoa kunaweza kufanyika hospitali iliyo karibu na kwenu. Aliyewekewa Mombasa anaweza kupewa barua ya rufaa ili atolewe Kakamega, Kisumu au Eldoret, palipo na daktari na kamera. Uliza pia gharama ya kuitoa, na kama bima ya SHA iliyoanza Oktoba 2024 itailipia, ili nauli na malipo yatayarishwe mapema.

Uliza kama inafaa kuwekewa stenti yenye uzi unaotokeza nje au yenye sumaku ndogo kwenye ncha. Aina hizo hutolewa bila kamera. Si kila mgonjwa zinamfaa, lakini kuuliza hakugharimu.

Kunywa maji ya kutosha. Haja ya mara kwa mara na damu kidogo ni kawaida. Homa na kutetemeka, mkojo kukatika, au damu yenye mabonge si kawaida, na hayo hayangoji asubuhi. Mjamzito mwenye stenti amweleze daktari wake, kwa sababu gamba humjia upesi zaidi na stenti yake hubadilishwa mara kwa mara.

Hospitali nazo zina wajibu. Daftari moja lenye jina, simu na tarehe ya kutoa, likipitiwa kila Jumatatu na muuguzi mmoja mwenye simu, halihitaji maabara ya Vancouver. Mashamba ya simu ya M-Pesa tunayo, ujumbe mfupi unafika Faza na unafika Mumias.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Maradhi ya mkojo watu huyaonea haya, na stenti hujificha zaidi, kwa kuwa hata mwenyewe haioni. Kama wewe, au mtu wa kwenu, alivunjwa jiwe miaka iliyopita na hamkumbuki kama kuna kitu kilichoachwa ndani, nendeni mkapigwe picha wiki hii.